Kanzu Ilikuwa ya Yusufu, Lakini Damu Ilikuwa ya Mbuzi

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma: Mwanzo 37:29–36, Mwanzo 39:7–20, Kutoka 23:1–2, Yohana 7:24
Andiko la kukariri: Mithali 18:17



Wiki hii sitaanza na andiko. Nitaanza na kosa langu, kwa sababu somo hili lilinipiga mimi kwanza kabla halijafika kwenu.

Mwaka jana, usiku wa kuamkia Alhamisi moja, duka la gesi katika mtaa wetu lilivunjwa na mitungi ikachukuliwa. Kufikia saa mbili asubuhi mwenye duka alikuwa ametuma picha kwenye grupu ya mtaa. Ilitoka kwenye kamera yake ya CCTV: kijana mwenye jaketi jekundu la kofia, kichwa chini, mtungi wa gesi begani. Chini yake aliandika kwamba huyo ndiye mwizi, tusambaze hadi apatikane.

Mimi nilikuwa nakunywa chai. Sikufikiri hata dakika moja. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimenyang'anywa simu nikitoka maombi ya usiku, na uchungu ule bado ulikuwa ndani yangu. Nikaituma ile picha kwenye grupu tatu, na moja ilikuwa ya kikundi chetu cha nyumbani. Nikaongeza maneno yangu mwenyewe: Mungu amemuanika, tumtafute. Nikaweka na alama ya mikono ya maombi.

Saa sita mchana vijana wa steji ya boda walimwona kijana mwenye jaketi jekundu akingoja matatu. Sitaeleza yote yaliyofuata. Mzee mmoja fundi viatu ndiye aliyejitupa juu yake na kukataa kutoka mpaka polisi wakafika. Bila huyo mzee, leo tungekuwa tunazungumza habari za kaburi. Mkono wa kijana ulivunjika mahali pawili, na jicho lake la kushoto halijarudi kuona sawasawa.

Kumbe alikuwa mtoto wa dada yetu anayeketi safu ya tatu kila Jumapili. Mama huyu huuza chai na chapati kando ya barabara kuanzia alfajiri. Siku ile gesi ilimwishia, akamtuma mwanawe nyumbani alete mtungi mwingine. Njia yao inapita mbele ya lile duka. Kamera ilimnasa saa kumi na moja kasorobo. Duka lilikuwa limevunjwa saa nane usiku! Polisi walipoitazama rekodi yote waliona gari na watu watatu wakipakia mitungi kwa haraka. Mwenye duka alikuwa ameanza kutazama kutoka mwisho wa rekodi akirudi nyuma, na alipoona mtu wa kwanza mwenye mtungi, akasimama hapo. Saa ilikuwa imeandikwa pembeni mwa picha kwa namba ndogo. Mimi sikuisoma.

Mama yake alikuwa kwenye grupu yetu. Picha ya mtoto wake ilimfikia kutoka kwangu, pamoja na yale maneno yangu ya kiroho chini yake. Alilitambua jaketi kabla ya kitu kingine, kwa maana yeye ndiye aliyemnunulia kwenye mitumba. Nilipokwenda hospitalini aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, huyu mtoto amekula kwako. Hukumjua?"

Sikumjua, kwa sababu sikumtazama. Nilitazama jaketi na mtungi.

Ameniruhusu niandike haya, mradi nisitaje jina la mwanawe.

YUSUFU NA NGUO ZAKE MBILI

Tangu siku ile nimeisoma habari ya Yusufu kwa macho mengine. Mara mbili maishani mwake, nguo yake ilionyeshwa watu kama ushahidi. Mara zote mbili nguo ilikuwa yake kweli, na mara zote mbili habari iliyoambatana nayo ilikuwa ya uongo.

Mara ya kwanza ni ile kanzu yake. Ndugu zake walimuuza, wakachinja mbuzi, wakaichovya kanzu katika damu na kuipeleka kwa baba yao. Angalia jambo hili: hawakumwambia Yakobo kwamba mnyama amemla Yusufu. Walimwonyesha kanzu tu, wakamwomba aitambue kama ni ya mwanawe. Hadithi ya mnyama mkali aliitunga Yakobo mwenyewe, kutoka kichwani mwake. Wao walileta picha, naye akaleta maelezo.

Mara ya pili ni nyumbani kwa Potifa. Yusufu alikimbia dhambi, akaacha vazi lake mkononi mwa mke wa bwana wake. Yule mama aliliweka karibu naye mpaka mumewe aliporudi. Vazi lilikuwa la Yusufu? Ndiyo. Alitoka mbio? Ndiyo. Basi si kesi imekwisha? Hatusomi mahali popote kwamba Potifa alimwuliza Yusufu hata swali moja.

Wapendwa, hili ndilo fundisho la leo: picha inaweza kuwa ya kweli, na habari inayobebwa nayo ikawa ya uongo. Sisi tumezoea kuuliza, "Hii picha ni ya kweli?" Swali hilo halitoshi. Uliza pia, "Na haya maelezo je?"

Katika hizo habari mbili naona njia nne ambazo picha ya kweli hupotosha. Zote nne bado zinatumika, kwenye televisheni, magazetini na kwenye simu zetu.

1. KUCHOVYA

Kanzu ilichovywa. Kitu halisi kikaongezewa rangi ili mtazamaji ashtuke.

Mwaka 1994 huko Marekani, mchezaji maarufu O.J. Simpson alishtakiwa kwa mauaji. Polisi walimpiga picha, kama wanavyowapiga washukiwa wote. Magazeti mawili makubwa, Time na Newsweek, yaliweka picha hiyo hiyo kwenye jalada katika juma moja. Newsweek waliiweka ilivyo. Time walimtia weusi zaidi, uso ukawa wa giza na wa kutisha. Majalada hayo mawili yalipokaa pamoja mezani kwa muuza magazeti, kila mtu aliona tofauti, na lawama zikawa nyingi. Kesi yenyewe haikuwa hata imesikilizwa. Mahakama ilikuja kumwachilia katika mashtaka ya mauaji mwaka 1995, na mwaka 1997 kesi ya madai ikamwona kuwa anawajibika kwa vifo hivyo. Hata korti mbili hazikukubaliana, lakini jalada lilikuwa limeshahukumu.

Leo hauhitaji kiwanda cha magazeti. Mtoto wa darasa la saba ana simu inayoweza kuchovya kanzu. Muziki wa kutisha unaowekwa nyuma ya video, ule mduara mwekundu unaozungushwa kichwani mwa mtu, hiyo nayo ni damu ya mbuzi.

2. KUKATA

Mke wa Potifa alisimulia mwisho bila mwanzo. Alionyesha vazi, lakini hakusema ni nani aliyemshika mwenzake.

Mwaka 2018 nchini India, zaidi ya watu 20 waliuawa na makundi ya watu kwa sababu ya uvumi wa wezi wa watoto uliosambazwa kwa WhatsApp. Video moja iliyozunguka sana ilionyesha watu wawili kwenye pikipiki wakimnyakua mtoto anayecheza barabarani. Unajua ilitoka wapi? Ilitoka Karachi, Pakistan. Ilikuwa filamu fupi iliyotengenezwa kuwafundisha wazazi wawalinde watoto wao, na mwishoni wale watu wa pikipiki wanamrudisha mtoto na kuonyesha bango lenye ujumbe. Mtu fulani alikata huo mwisho. Video ya kuokoa watoto ikawa video ya kuua wapita njia. Mwaka huo WhatsApp walipunguza idadi ya chati unazoweza kuzisambazia ujumbe mmoja kwa mkupuo huko India, zisizidi tano, na mwaka 2019 wakafanya hivyo duniani kote.

Hapa kwetu pia tumekata. Mtu anapokamatwa, kamera zipo. Anawekwa nyuma ya meza yenye panga na simu, naye ameinamisha kichwa. Miezi au miaka ikipita, hakimu akisema hakuna ushahidi, mara nyingi hakuna kamera hata moja. Kwa hiyo vichwani mwetu amebaki nyuma ya ile meza hadi leo.

3. KUBANDIKA JINA

Soma tena Mwanzo 39 uone yule mama anavyomtaja Yusufu. Hamtaji kwa jina. Anasema ni Mwebrania, mtumwa, mtu aliyeletwa kutoka nje. Kabla hajaeleza kosa, amekwisha kuwaambia wasikilizaji wake ni mtu wa aina gani. Nao wakaelewa.

Tuseme ukweli mbele za Mungu. Sisi pia tuna majina yetu. Tunajua mtaa upi ukitajwa tunasema "ah, hao". Tunajua kabila lipi tunaliunganisha na wizi upi, na dini ipi tunaiunganisha na mabomu. Kijana mwenye rasta anapita, mama anahamisha mkoba bega lingine. Hakuna aliyetufundisha hayo darasani. Tumefundishwa na picha, moja baada ya nyingine.

Na jina likishabandikwa, damu haiwi mbali. Jijini Nairobi kumekuwa na kurasa za Facebook zilizobandika picha za vijana wa Eastlands zikiwaita majambazi na kuwapa onyo. Baadhi yao picha zao ziliwekwa tena baadaye, wakiwa maiti. Na chini ya picha hizo kulikuwa na maelfu ya watu wanaoshangilia. Sijui kama mimi sikuwa mmoja wao kwa moyo. Wewe je? Mwezi wa Agosti 2021, huko Kitengela, wanaume wanne waliokuwa wakisafiri kwa pikipiki waliuawa na umati uliowadhania kuwa wezi wa mifugo. Hakuna korti iliyowasikiliza.

4. KURUDIA

Mke wa Potifa alisimulia habari yake mara mbili: kwanza kwa watu wa nyumbani, halafu kwa mumewe. Potifa aliporudi alikuta nyumba nzima imeshajua.

Wizi mmoja hutokea mara moja. Lakini utauona kwenye habari za saa moja, tena saa tatu, asubuhi redioni, mchana kwenye status za watu kumi. Ndani ya kichwa chako wizi mmoja umekuwa ishirini. Profesa George Gerbner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza jambo hili miaka mingi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliona kwamba wanaotazama televisheni kwa saa nyingi huelekea kuiona dunia kuwa katili kuliko ilivyo, na huwaamini wenzao kidogo zaidi. Huko huko Marekani, uhalifu wa kutumia nguvu ulipungua kwa karibu nusu tangu mwanzo wa miaka ya 1990, lakini mwaka baada ya mwaka watu wengi walipoulizwa walijibu kwamba unaongezeka.

Na hofu hii inaingia hadi kanisani. Tunafunga mageti, tunaacha kuwakaribisha wageni. Kijana asiyejulikana anaingia ibadani, na badala ya kupewa kiti anawekewa mtu wa kumwangalia.

LAKINI WEZI SI WAPO?

Wapo. Sisemi hawapo, na mimi mwenyewe simu yangu ilikwenda. Wala sisemi kamera ni ya shetani. Mwaka 2020 huko Minneapolis, taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu aliyekamatwa alipata shida ya kiafya. Ni video ya msichana wa miaka 17 iliyoonyesha kwamba askari alimkandamiza George Floyd shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa. Hapa Nairobi, tarehe 17 Juni 2025, kamera ndizo zilizoonyesha muuza barakoa akipigwa risasi kichwani na polisi mchana kweupe. Picha imewatetea wanyonge wengi.

Kwa hiyo shida si kuwa na picha. Shida ni kuipa picha kazi ya hakimu. Picha ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Kumbukumbu la Torati 19 inataka mashahidi wawili au watatu, kisha waamuzi wachunguze kwa bidii. Mithali 18:17 inatuonya kwamba anayeeleza kesi yake wa kwanza huonekana ana haki mpaka mwingine aje amhoji. Hata Mungu, ambaye hahitaji kamera, kilio cha Sodoma kilipomfikia alisema atashuka kwanza aone (Mwanzo 18:20–21). Kama Mungu alishuka kuangalia, mimi ni nani hata nihukumu nikiwa na kikombe cha chai mkononi?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inasema jambo linalokaribiana na hilo: mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine.

PICHA YA GOLGOTHA

Sasa njoo pamoja nami msalabani. Tuseme kulikuwa na mtu anayepita Golgotha siku ile akiwa na simu. Angepiga picha gani? Watu watatu, misalaba mitatu, askari, umati unaodhihaki, na kibao cha mashtaka juu ya yule wa katikati. Picha ya kweli kabisa. Na maelezo yangekuwaje? Wahalifu watatu wamenyongwa leo.

Isaya alikuwa ametangulia kusema kwamba angehesabiwa pamoja na wakosaji. Jina walimbandika. Maneno yake waliyakata pia: alizungumza habari za hekalu la mwili wake, mashahidi wakayapeleka mbele ya baraza kana kwamba ametishia kubomoa jengo. Na kelele za kumtaka asulubiwe zilirudiwa hadi Pilato akalegea.

Mwokozi wetu aliuawa na habari iliyosambazwa. Mtu aliyeokolewa na damu yake hawezi kuwa mwepesi wa kusambaza nyingine kama hiyo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, soma saa na mahali. Picha hii ni ya lini? Ni ya wapi? Nani aliipiga? Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp, ujue umepita mikono mingi kabla ya kufika kwako.

Pili, uliza kilichokatwa. Kulikuwa na nini kabla ya hapa, na baada ya hapa?

Tatu, peleka panapostahili. Kama una picha inayoweza kusaidia, ipeleke kituo cha polisi, ikiwa na rekodi yote. Grupu ya mtaa haina pingu wala hakimu. Ina mawe tu.

Nne, usiandike neno mwizi juu ya mtu ambaye korti haijamwita hivyo. Wala usiliweke jina la Mungu juu ya jambo ambalo hujalichunguza. Katika yote niliyofanya, hili ndilo linaniuma zaidi.

Tano, ukikosea, rudi njia ile ile uliyopita. Mimi nilifuta ule ujumbe, nikadhani nimetubu. Lakini kufuta kulinisafisha mimi tu. Picha ilikuwa imeshafika mitaa ambayo siijui. Ilibidi nirudi kwenye grupu zote tatu niandike kwamba nilikosea, kisha nisimame mbele ya kanisa. Waliosambaza picha walikuwa wengi. Waliosambaza masahihisho niliwahesabu: wanne.

Yusufu alikuwa na miaka 17 alipouzwa, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao, akiwa amenyolewa na kubadilishwa nguo. Naye Yakobo aliiamini ile kanzu kwa miaka ipatayo 22. Kumbe mwanawe yu hai. Uongo mmoja uliobebwa na kitu cha kweli uliila familia nzima kwa muda huo wote.

Kijana wetu sasa anaishi kwa mjomba wake ushago. Nilimpigia simu mara ya tatu ndipo akashika. Alinisikiliza, akasema, "Sawa, Mwalimu," kisha akakata. Sijui kama amenisamehe, na si haki yangu kumharakisha. Mama yake bado anaketi safu ya tatu. Jumapili iliyopita aliniletea chapati mbili zilizofungwa kwa gazeti. Nilizila nikilia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kati ya kuchovya, kukata, kubandika jina na kurudia, ni ipi uliyoiona kwenye simu yako wiki hii?
2. Kwa nini Yakobo aliamini haraka vile? Ni hofu gani ndani yako inayokufanya uamini haraka?
3. Ni watu wa mtaa gani au kabila gani unaowahukumu kabla ya kuwasikiliza? Ulianzia wapi?
4. Je, kuna mtu uliyewahi kusambaza habari zake na hujawahi kurudi kusahihisha? Utaanza vipi?

SALA

Bwana Yesu, wewe ulihesabiwa pamoja na wahalifu wala hukuwa na kosa. Utusamehe kwa kila tuliyemhukumu kwa picha. Uponye jicho la mtoto wetu, na ufungue yetu. Tupe mikono mizito kwenye simu na miguu myepesi ya kwenda kuuliza. Walinde walioibiwa, uwageuze wanaoiba, na ukumbuke wote waliopigwa bila hatia. Katika jina lako tumeomba. Amina.